Nilivyopunguza kazi ya kusafisha machicha nikipika bia nyumbani

Mi kupika bia kwa kimea chenyewe napenda kila hatua, ila kutoa machicha, yale mabaki ya kimea ukishachuja, ndo kulikuwa kunanimaliza. Wanaotumia ile rojo nzito ya kimea ya kwenye kopo hawajui hii tabu, sisi wengine ukishaloweka kimea saa nzima kwenye nyuzi 65 mpaka 68 unabaki na deli limejaa ujiuji wa maganda, na kilo 5 zilizoingia kavu zinakuwa zimeshikilia kama lita 5 za maji, sasa hebu linyanyue hilo deli ulipindue bila kumwaga chini uone mgongo utakavyokuambia.

Kilichoniokoa ni mfuko. Nilishona wa kitambaa cha polyesta, ile nyepesi inayopitisha maji vizuri, mkubwa kiasi cha kutandika deli lote ndani na mdomo wake ukakunjwa nje, kimea kinamwagwa humohumo. Muda ukiisha nafungua koki nachuja kama kawaida na tofauti naiona mwisho, maana machicha yote yanatoka kwa mpigo mmoja na deli linabaki na vumbivumbi tu la kusuuza. Ila wewe unayelowekea kwenye sufuria iliyo motoni angalia mfuko usigusane na kitako, weka kichanja cha chuma chini la sivyo kitambaa kinaungua.

Jambo la pili ni kutokuwa na haraka ya kunyanyua, hapa ndo wengi wanajitesa bure. Mfuko ukiutoa palepale unachuruzika kila mahali na mzito balaa. Mi nauning'iniza juu ya deli, kamba inapita kwenye ndoano, nauacha ujichuje wenyewe, yale maji yanayodondoka narudisha kwenye sufuria ya kuchemshia maana ni utamu uleule, kwa nini umwage. Baada ya hapo machicha yameshikana, ukipindua mfuko juu ya ndoo yanadondoka bonge zima na zile punje za kwenye mishono unazikung'uta tu.

Alafu muda wa kuosha. Kuchemsha yale maji matamu uliyochuja kunachukua kama saa nzima na ukishavuka ule mwanzo ambao povu linataka kufurika na ukaweka hopsi za kwanza (yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu), unabaki umesimama tu unaangalia sufuria, basi ndo saa ya kuosha hiyo (jicho moja kwenye moto lakini). Mfuko naupindua nje ndani nausuuza kwa maji mengi ungali na unyevu, kwa sababu ule wanga ukikaukia kwenye nyuzi za kitambaa unaganda na hapo utasugua mpaka uchoke. Sabuni ya manukato siiweki kabisa, harufu inabaki na mafuta ya sabuni yanaua povu la bia, ukichafuka sana naloweka kwenye maji ya moto yenye sodiamu pakaboneti, unga wa kusafishia usio na manukato, kisha nausuuza sana.

Koki nayo usiisahau, maganda yanajificha ndani ya ile gololi yake inayozunguka kufunga na kufungua, unaona deli linang'aa kumbe kuna uozo umekaa humo, inabidi uifungue kabisa mara mojamoja.

Machicha kwenye sinki hapana, hata kidogo, yanatulia kwenye kona ya bomba na kuziba. Na usiyalaze ndani, kukiwa na joto kesho yake tu yamechacha na nzi wameshapata taarifa. Kuku wanayapenda yakiwa mabichi, yanayobaki nachanganya na majani makavu kwenye shimo la mboji, ukiyarundika peke yake yanakosa hewa yananuka vibaya. Hopsi zilizotumika naziweka mbali kabisa na mbwa, kwao ni sumu, kwa hiyo ndoo ya machicha na ya hopsi kwangu hazichanganywi.