Boti yangu ilivyokatika kamba kipindi cha kusi, bima ikanilipa lakini si zote

Assalaam alaykum, hii nawaandikia hasa wenzangu wenye boti za faiba wanaochukua wageni, maana watu wengi wananiuliza kama bima ya boti inalipa kweli au la. Inalipa. Mie imenilipa, ila kuna milioni 2 nimezipoteza hivihivi na ndo inayoniuma mpaka leo.

Boti yangu naiweka Kizimkazi Mkunguni, kusini mwa Unguja, futi 28, mashine moja ya Yamaha 40, kazi yake kupeleka wageni kuangalia pomboo asubuhi. Nusu nilinunua kwa mkopo, nusu mama aliuza kiwanja akanipa, sasa kuiacha baharini bila bima nilikuwa silali. Nikenda mjini kwa broka, yaani wakala wa bima, akaniuliza boti na mashine vyote thamani yake ngapi, nikamwambia milioni 18. Ukweli ilikuwa 24. Ada wananitoza asilimia 2 na nusu ya thamani nikaona nikishusha napumua, nikaokoa 150,000 kwa mwaka, broka hakusema kitu na mie nikatia saini bila ya kusoma kurasa za ndani.

Julai 2022, upepo wa kusi umekaza, bamvua, yale maji makubwa, saa nane usiku kijana anayelala pwani akanipigia, "Kaka, boti haipo nangani." Nilifika pale na tochi nikaikuta imepigwa juu ya mwamba, ubavu wa kulia umepasuka karibu na mkuku, ule uti wa chini wa boti, tezi, yaani nyuma, imezama na mashine yote iko chini ya maji. Wallahi miguu iliniisha nguvu.

Fundi wangu, mzee mmoja wa palepale kijijini, ndo aliyeniokoa. La kwanza alilosema, "Usithubutu kuiwasha hiyo mashine, mwanangu." Mashine iliyomeza maji ya chumvi ukiipiga stata unaimaliza. Tukapiga picha kwanza kila upande kabla hatujagusa kitu, halafu maji yalipoanza kujaa vijana kumi na mbili wakaivuta mpaka mchangani, mashine tukaifungua tukaiosha kwa maji ya kisima ndoo baada ya ndoo, plagi tukatoa, tukaizungusha kwa mkono mpaka maji yakamwagika yote, tukatia oili ndani ya silinda. Vijana niliwalipa na nikawaandikisha majina na saini kwenye karatasi. Karatasi ile ilikuja kunifaa sana maana kwenye bima ya bahari mwenye chombo anatakiwa ajitahidi kupunguza hasara kama vile hana bima kabisa, na gharama za kuokoa zinahesabiwa kwenye kleimu, yaani madai yako ya kulipwa. Ukikaa ukaiacha boti inagongwa na mawimbi siku tatu unasubiri watu wa bima waje, ule uharibifu ulioongezeka wanaweza wakakukatalia.

Asubuhi nikampigia broka, nikaenda kwa sheha, kiongozi wa mtaa, na polisi nikapata maandishi. Sevea, yule mkaguzi wa bima anayepima hasara, alikuja siku ya nne. Nilidhani ataanza na tobo, yeye kitu cha mwanzo akaniuliza, "Kamba iko wapi?" Akakishika kile kipande kilichokatika akakiangalia mwisho wake muda mrefu. Sababu ni kwamba bima inalipa ajali, hailipi kuchakaa, sasa kamba ikiwa imeoza kwa uzee wake hiyo si dhoruba tena, hiyo ni uzembe wako. Alhamdulillah kamba niliinunua mwezi wa tano na risiti ninayo. Akataka pia leseni ya nahodha, cheti cha ukaguzi wa chombo cha mwaka ule na namba ya mashine, vyote nikampa.

Matengenezo pamoja na uokoaji ikaja milioni 8. Wiki ya saba napigiwa simu nalipwa milioni 5 na laki 5. Nikasema hapana, kuna makosa, nikaenda mjini mwenyewe. Dada aliyekuwa zamu akanifungulia hati yangu akanionyesha: boti ya milioni 24 umeikatia ya 18, maana yake robo tatu tu ndo umetuachia sisi na robo umeibeba mwenyewe, kwa hiyo kwenye milioni 8 sisi tunabeba 6, toa laki 5 ambayo ni sehemu yako ya mwanzo katika kila ajali. Sikuwa na la kujibu. Yaani niliokoa 150,000 nikapoteza milioni 2.

Mwaka uliofuata niliandika 24 kamili. Na hati nikaisoma yote, broka akinieleza kila nisipoelewa, nikakuta mambo sikuyajua kabisa: mashine ya kufunga nyuma ikiibiwa hailipwi kama haikuwa na kufuli la ziada juu ya zile boliti zake, na ikidondoka baharini yenyewe kwa kulegea hailipwi pia. Kufuli nikanunua siku ileile. Tena bima ya chombo haimuhusu abiria, mgeni akiumia ni bima nyengine. Hiyo nilikata bila kubishana na bei, sisi watu wa kusini tunakumbuka meli ya abiria MV Skagit ilivyozama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012, kusi hilihili.

Baba mdogo alikuwa hapendi habari hizi, anaona kama kamari, tukakaa tukazungumza na sasa anaulizia takaful kwa ajili ya dau lake, ile ambayo watu wanachangiana kwenye mfuko mmoja. Kama kinachokuzuia ni dini basi anzia huko.

Jambo jengine nililopata kwa kuuliza tu: Julai na Agosti sasa naipandisha boti juu, broka akaandika miezi hiyo chombo hakifanyi kazi na ada ikapungua. Lakini ukiandika hivyo ni marufuku kushuka. Mwaka jana walikuja wageni sita na dola mkononi, siku bahari imetulia kama kisima, nikawapeleka kwa jirani yangu ambaye hati yake inamruhusu.