Siku moja maishani mwangu na makoti mawili ya Poe

Saa 12 asubuhi. Baltimore bado giza. Kabla ya chai nampigia mama simu Tanga, kwao ni saa 7 mchana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Yule mwandishi wenu leo anakufa tena?"

Anakufa, namwambia, na kwa kuwa ni Jumamosi atakufa mara mbili. Anauliza habari za kofia, maana ni yake: miyaa alinunua mwenyewe sokoni, ukili akausuka barazani, kofia ikasafiri kwenye begi la jirani aliyekuwa anakuja huku. Namwambia ukingo unaanza kuachia. "Usiushone," anasema. "Si ulisema ilikuwa kuukuu?" Mama ni fundi cherehani. Anaelewa kazi yangu kuliko watu wengi ninaofanya nao kazi.

Natunza mavazi na vifaa vya mchezo wa jukwaani kuhusu maisha ya Edgar Allan Poe, mwandishi wa Marekani. Mwigizaji ni mmoja tu, kwa dakika 80, na hatoki jukwaani hata mara moja. Hana pa kujificha, kila nguo anaivaa na kuivua mbele ya watu. Ndiyo maana nguo hapa zinasema karibu sawa na maneno.

Saa 3. Njiani napita makaburi ya Westminster, kona ya mitaa ya Fayette na Greene. Poe alizikwa hapo Oktoba 1849 kwa mazishi ya haraka, waombolezaji wachache sana. Mwaka 1875 akahamishiwa chini ya mnara ulio karibu na lango. Mnara wenyewe una kosa: umeandikwa Januari 20, naye alizaliwa Januari 19, 1809. Watu huacha senti juu ya jiwe, nami huacha moja.

Saa 4. Nafungua kabati la mavazi, moyo unanipasuka. Koti la mwisho, lile analofia nalo, limeshonwa! Mwenzetu mpya ameona mishono imeachia mabegani na kwapani, akabaki jana usiku kuirekebisha yote. Mshono wake umenyooka, mzuri kuliko wangu. Nimemshukuru kwa moyo wote, kisha nikachukua wembe na kumketisha karibu yangu tufumue pamoja.

Nikamweleza. Oktoba 3, 1849, siku ya uchaguzi, Poe alikutwa hapa hapa Baltimore kwenye baa iliyotumika kama kituo cha kupigia kura, hajitambui. Joseph Walker, mpiga chapa wa gazeti, akaandika kikaratasi cha haraka kumwita daktari Snodgrass. Daktari alikuja kuzieleza nguo zile baadaye: koti jembamba la alpaka, kitambaa cha sufu, lililoachia mishono, suruali isiyomkaa, kofia ya ukili iliyochakaa. Hazikuwa zake. Poe alikuwa maskini karibu maisha yake yote, lakini alipenda kuvaa nyeusi safi iliyopigwa brashi. Nani alimvua nguo zake? Wapo wanaoamini aliangukia mikononi mwa magenge ya uchaguzi yaliyoteka watu, yakawalewesha na kuwabadilisha nguo ili wapige kura kituo hiki na kile. Alikufa siku nne baadaye, ana miaka 40, na hadi leo hakuna ajuaye kilichomuua.

Kwa hiyo kila uzi uliolegea kwenye koti hili ni ushahidi. Ukiushona, unaufuta.

Saa 7 mchana. Wali na maharage kwenye kontena, nimesimama. Pasi, brashi, maji ya kunywa ya mwigizaji, basi.

Saa 8. Taa zinazimwa. Upande wa kushoto linaning'inia gauni moja tupu, la Elizabeth, mama yake Poe, mwigizaji, aliyekufa Richmond Desemba 1811 mtoto hajatimiza miaka mitatu. Halivaliwi na mtu. Mwigizaji wetu hupita karibu yake mara nyingi, hugusa pindo mara moja tu.

Mimi nasubiri koti la kwanza, lile zito la jeshi. Tuko Fordham, nje ya New York ya wakati ule, baridi kali. Shairi lake la kunguru lilikwishampa jina mwaka 1845, lakini nyumbani hakuna blanketi. Virginia, mkewe, anakufa kwa kifua kikuu, amelala kwenye kitanda cha majani makavu, amefunikwa koti la mumewe, paka amelala kifuani kumpa joto. Jukwaani hakuna kitanda wala Virginia. Mwigizaji analitandaza koti sakafuni, analishika mikono kama mtu anayeshika viganja, na anaisugua. Basi. Virginia alikufa Januari 1847, ana miaka 24. Nimeliona onyesho hata sijui mara ngapi, na bado pale huwa nashindwa kutazama orodha yangu.

Saa 9 na nusu alasiri, maswali ya watazamaji. Swali la kwanza ni lile lile: si alikuwa mlevi tu? Alikunywa, na pombe ilimuumiza, hatufichi. Lakini picha ya kichaa mwovu aliichora Rufus Griswold, hasimu wake, aliyeandika tanzia kwa jina la uongo siku mbili baada ya kifo, kisha akaghushi maneno ndani ya barua za marehemu. Hilo nalo ni kumvisha mtu nguo zisizo zake. Mwigizaji alilisema hivyo leo kwa mara ya kwanza, akanitazama mimi.

Saa 2 usiku, onyesho la pili. Bega la koti likaachia alipoanguka, pale pale tulipofumua, na sauti ya uzi ikasikika hadi nyuma.

Saa 5. Nanyunyizia makoti spiriti na maji kutoa jasho, nalitundika lile zito kwenye hanga pana. La alpaka naliacha lilivyo. Napiga picha ya kofia, ukingo umeachia kidogo zaidi, namtumia mama. Tanga kunakucha. Anajibu: "Iache hivyo hivyo."