Hewa ya alfajiri kisiwani Mafia

Nilipanda basi la Nyamisati pale Mbagala Rangi Tatu. Begi la nguo niliacha wakalipandisha kwenye keria, ila kifuko kimoja nilikipakata njia nzima. Ndani yake kulikuwa na kipimo cha gesi, kidogo kuliko simu yangu, na mpira mwembamba wa kukiunganisha na koki ya mtungi wa kuzamia. Konda akaniuliza, "Dada, hiyo dawa ya mgonjwa?" Nikamwambia ni kipimo cha hewa. Sikuwa na jibu fupi zaidi ya hilo.

Jibu refu lilianza miaka miwili nyuma, kwenye ufukwe mwingine wa pwani yetu. Nilitoka majini kichwa kinanipasuka na magoti hayana nguvu. Wote botini wakasema nimelevywa na bahari, nikapewa ndimu ninuse. Haikupita nusu saa, wenzangu wawili nao wakaanza kutapika, na mmoja wao amekulia kwenye ngalawa, hajawahi kulewa bahari maishani mwake. Hapo ndipo nahodha alipotoa mtungi wa oksijeni tukawa tunaupokezana mpaka nchi kavu. Hospitali tuliambiwa ni kaboni monoksidi: gesi ile ile inayowaua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani, milango imefungwa kwa sababu ya baridi. Mitungi yetu ilikuwa imejazwa kwa kompresa ya injini, na kompresa ilikuwa imevuta moshi wa injini hiyo hiyo.

Tangu siku hiyo siteremki na mtungi ambao sijaupima.

Kutoka Nyamisati boti inapita kwanza katikati ya mikoko, maji yametulia, halafu inatoka kwenye bahari ya wazi na kaskazi inakupokea. Ilikuwa Februari, bado msimu wa papa potwe, na abiria wenzangu wengi walikuwa wakirudi nyumbani na magunia ya vitunguu na mabati. Tulifika Kilindoni jua limeelekea kuzama, nikalala upande wa pili wa kisiwa, kwa watu niliopanga kuzamia nao. Siwataji jina, maana walichokifanya kesho yake ndicho ningependa kila mtu akifanye.

Saa 12 asubuhi nilikuta mitungi minane imepangwa mchangani. Fundi wa kompresa alikuwa mtu mzima, mikono imekolea mafuta.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama. Naomba nipime mitungi kabla hatujapakia."

"Pima tu. Lakini hiyo hewa safi, nusa mwenyewe."

Akafungua koki kidogo, nikanusa. Kweli haikuwa na harufu yoyote, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Gesi yenyewe haina rangi, harufu wala ladha. Moshi wa injini una harufu, lakini mkaa ulio ndani ya chujio la kompresa huiondoa harufu hiyo pamoja na mvuke wa mafuta, halafu kaboni monoksidi inapita kama kawaida. Kuizuia kunahitaji dawa maalumu ndani ya chujio, nayo ikishapata unyevu haifanyi kazi tena.

Nilikwenda hadi ukingoni mwa maji, mbali na moto wa jikoni, nikawasha kipimo na kukiweka kwenye sifuri. Mtungi wa kwanza: nikachomeka mpira, nikafungua koki hadi nisikie mluzi mdogo, nikahesabu dakika nzima. Sifuri. Wa pili sifuri. Wa tatu 1. Wa nne, tarakimu zikaanza kupanda: 3, 6, 9, zikasimama kwenye 14. Yaani sehemu 14 za gesi hiyo katika kila sehemu milioni moja za hewa. Kiwango cha Ulaya kwa hewa ya wazamiaji ni 5, cha Marekani 10, na mimi nikiona zaidi ya 3 nauweka mtungi kando. Mita 20 chini, shinikizo ni mara tatu ya huku juu, kwa hiyo 14 ile mwili unaipokea kama 42. Gesi hii hung'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Ukiwa chini, shinikizo huongeza na nguvu ya oksijeni, unaweza kujiona mzima kabisa. Unapoanza kupanda ndipo unapozimia.

"Labda hiyo mashine yako mbovu," fundi akasema. Hakusema kwa ubaya. Nilimwelewa, ni kazi yake ya miaka mingi.

Nikamwomba kijana wa botini aliyekuwa ametoka kuvuta sigara apulizie kipimo. Kikaruka hadi 22. Fundi, asiyevuta, akapuliza: 1. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Pima yote."

Minne ilikuwa safi, minne mibaya. Akaitazama mitungi kwa muda. "Hii minne tulijaza jana alasiri. Hii, leo alfajiri."

Tukaenda bandani pamoja. Mpira wa kuvuta hewa ulikuwa umeelekezwa baharini, na ekzosi ya injini nyuma, upande wa minazi. Kaskazi ikivuma kutoka baharini, moshi unakwenda zake minazini. Lakini alfajiri ulikuwa unavuma umande, upepo mwepesi wa kutoka nchi kavu, nao uliuchukua moshi wote na kuuleta mdomoni mwa mpira. Injini ni ile ile, chujio ni lile lile, fundi ni yule yule.

Hakubishana wala kutafuta wa kumlaumu. Alifungua koki za mitungi minne na kuiacha itoe hewa yote, mlio ukasikika hadi kijijini. Yalikuwa maji mafu, siku nzuri za kuzamia, na tulipoteza wakati wa maji kutulia tuliokuwa tukiusubiri. Wageni wawili walinuna. Nahodha aliwaeleza mara moja tu, akaenda zake kuosha boti.

Mchana kutwa walifanya kazi. Ekzosi iliongezwa bomba refu la chuma, na mpira ukapandishwa juu ya mwanzi mrefu kupita paa. Nilimwachia fundi kipimo, akakishika kwa vidole viwili kama yai. Jioni alijaza mitungi upya, akaipima mwenyewe mmoja mmoja, akiandika kila namba kwa chaki ubavuni. Sifuri, sifuri, 1, sifuri.

Kesho yake tulizamia kwenye mlango wa ghuba ya Chole, chewa mkubwa akatutazama kutoka pangoni bila kusogea. Niliporudi nilimkuta fundi amefunga kipande cha kanga nchani mwa mwanzi. Injini ilikuwa inanguruma, kitambaa kinapepea kuelekea minazini. Kikalegea, kikageuka. Akainuka, akazima injini, akaketi kwenye kivuli kungoja.