Ukuta wa Matumbawe na Mtandao Usio na Waya

Nyumba ya wazazi wangu iliyoko Mji Mkongwe, Unguja, imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake nyingi zina unene wa kama nusu mita. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa sababu waliojenga walifuata urefu wa boriti za mikoko zinazobeba sakafu. Nayataja haya ya ujenzi mapema kwa sababu kwa muda wa miaka 2 niliilaumu kampuni iliyotuunganishia intaneti, nikapiga simu, nikaandika barua pepe, nikanunua hata ruta ya bei kubwa yenye antena 6, na kumbe aliyekuwa akitunyima mtandao alikuwa ukuta wa nyumba yetu wenyewe.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba Wi-Fi na intaneti ni kitu kimoja. Kwetu, intaneti hufika kwa mkongo, yaani kebo ya nyuzi za kioo, unaoishia kwenye kisanduku kidogo karibu na mlango wa mbele. Kuanzia hapo ruta huzichukua data hizo na kuzirusha hewani kwa mawimbi ya redio, na simu, kompyuta mpakato na printa huyapokea mawimbi hayo na kujibu kwa mawimbi yao. Kipande hicho cha mwisho, chenye urefu wa mita chache tu, ndicho mtandao usio na waya. Ndiyo maana hata siku ambayo huduma ya nje imekatika, baba huweza kukaa barazani na simu yake akasikiliza mawaidha aliyoyahifadhi kwenye kompyuta ya ukumbini, na mdogo wangu huchapisha kazi zake za chuo akiwa chumbani kwake ghorofa ya pili. Mtandao wa ndani ya nyumba hautegemei wa nje ili uwe hai.

Kwa sisi watu wa visiwani ipo sababu ya kuipenda historia ya jambo hili. Mtandao wa kwanza wa kompyuta uliorusha data zake hewani kwa mtindo wa pakiti, yaani zikiwa zimekatwa vipande vidogo vidogo, ulianza kufanya kazi Hawaii mwaka 1971, katika chuo kikuu cha huko, chini ya Norman Abramson. Walikuwa na kompyuta kubwa Honolulu na watumiaji waliotawanyika katika visiwa vingine, na waliamua kutumia redio badala ya kutegemea nyaya za simu. Waliuita ALOHAnet. Kanuni yake ilikuwa nyepesi mno: ukiwa na ujumbe, urushe, usipojibiwa, jua kwamba umegongana na wa mwenzako, subiri kwa muda usiopangwa, kisha urushe tena. Baada ya hapo ilichukua miaka mingi hadi mwaka 1997, kilipotoka kiwango cha kwanza cha 802.11, yaani kanuni za kiufundi ambazo ndizo msingi wa Wi-Fi, kikiwa na kasi isiyozidi megabiti 2 kwa sekunde. Jina lenyewe la Wi-Fi lilibuniwa mwaka 1999 kwa ajili ya biashara, na herufi zake si kifupisho cha maneno yoyote, ingawa wapo wanaobishana sana juu ya hilo.

Nirudi nyumbani. Nilipochoka kulalamika, nilichora ramani ya nyumba kwenye karatasi, nikapakua programu ya kupimia nguvu ya mawimbi, nikapita chumba kwa chumba na simu mkononi. Kipimo hicho huandikwa kwa namba hasi za desibeli, na kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu. Mita moja kutoka kwenye ruta nilipata hasi 38. Katika chumba cha mama cha ghorofa ya pili, upande wa nyuma, nilipata hasi 84. Mtu asiyezijua desibeli anaweza kudhani kwamba tofauti ya 46 ni ndogo, lakini kila desibeli 10 maana yake ni nguvu kupungua mara 10, kwa hiyo kilichokuwa kikimfikia mama kilikuwa kimepungua karibu mara 40,000. Kwa mazungumzo ya video inafaa mtu apate hasi 67 au namba iliyo karibu zaidi na sifuri. Mama alikuwa akizungumza na dada yangu aliyeko London kwa kusimama kwenye ngazi, na sisi tukidhani ni mazoea yake tu.

Umbali peke yake hausababishi hasara kubwa kiasi hicho. Wi-Fi hutumia zaidi masafa, yaani kiwango cha mitetemo ya mawimbi kwa sekunde, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Mawimbi ya 2.4 yana urefu wa kama sentimita 12 na nusu, ya 5 yana kama sentimita 6, na haya mafupi, pamoja na kubeba data nyingi zaidi, hupoteza nguvu haraka zaidi yanapokutana na ukuta. Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi, hunywa unyevu, na maji ni adui wa mawimbi ya masafa haya. Ruta yetu ilikuwa imewekwa pale fundi alipoona ni rahisi kuiweka, yaani kwenye pembe ya chumba cha mbele, nyuma ya kabati lenye kioo kikubwa, na kioo cha kujitazamia kina utandu wa madini unaorudisha mawimbi yalikotoka. Kwa hiyo kabla hata ya kuufikia ukuta wa kwanza, nusu ya kazi ilikuwa imekwisha kupotea.

Nyumba za Mji Mkongwe, hata hivyo, zina ua wa ndani ulio wazi hadi juu, na vyumba vingi hufungua milango yake kuuelekea. Nilivuta kebo moja ya mita 20 kutoka kwenye kisanduku cha mkongo, nikaipitisha pembeni mwa ngazi, nikaihamishia ruta ghorofa ya kwanza, kwenye roshani inayotazama ua huo. Mawimbi yaliyokuwa yakipambana na kuta 3 sasa yalipanda na kushuka katika hewa tupu, yakaingia vyumbani kwa milango ya mbao na madirisha. Chumba cha mama kilitoka hasi 84 hadi hasi 61. Sikununua kitu kingine zaidi ya kebo hiyo na misumari yake ya kushikilia, na huwa nacheka ninapokumbuka kwamba dawa ya mtandao usio na waya ilikuwa ni waya.

Jambo jingine dogo lililosaidia ni namna ya kuzikalisha antena. Antena iliyosimama wima hairushi mawimbi kama tochi inavyomulika. Huyatandaza pande zote kuizunguka, kwa umbo la kata ile ya kubebea ndoo kichwani, na katikati ya kata, juu na chini ya antena, kunabaki uhaba. Nyumba ya ghorofa moja haina haja ya kulijua hilo. Sisi wenye ghorofa 3 tulifaidika kwa kulaza antena 2 kati ya zile 6, ili kata yao isimame na kuyafikia maeneo ya juu na ya chini.

Baada ya hapo lilibaki tatizo ambalo halikuhusiana na ukuta. Usiku, wageni wa vyumba tunavyopangisha wanaporudi, mtandao ulikuwa ukizorota ingawa vipimo vya nguvu vilikuwa vizuri. Hapa ndipo nilipoelewa kwamba chaneli ya Wi-Fi, yaani njia moja ndani ya masafa yale, ni baraza: mzungumzaji ni mmoja kwa wakati mmoja, na kila kifaa husikiliza kwanza, kikikuta kimya ndipo kinaposema. Mwenye kusema haraka humaliza na kumpisha mwenzake. Mwenye kusema polepole, mathalani kompyuta ya zamani au simu iliyo mbali inayolazimika kushusha kasi ili ieleweke, hulikalia baraza kwa muda mrefu, na wote wanamsubiri. Nilikuwa na kompyuta moja kuukuu pale ukumbini, ile ile ya mawaidha ya baba, ambayo ilikuwa ikifanya hivyo kila siku. Niliifunga kwa kebo moja kwa moja kwenye ruta, na baraza likapumua. Tangu siku hiyo, kitu chochote kisichohama hukifunga kwa waya, na hewa nawaachia wanaotembea.

Majirani nao wako barazani. Nikiwa juu kabisa niliihesabu mitandao 23 ya watu katika masafa ya 2.4, na mingi ilikuwa imerundikana chaneli moja. Masafa hayo yana chaneli 13 katika nchi nyingi, lakini kila moja ni pana kiasi kwamba huingiliana na jirani zake, na zisizogusana ni 3 tu: ya 1, ya 6 na ya 11. Anayejiwekea chaneli ya 3 akidhani amejitenga huwa anawasumbua wa 1 na wa 6 kwa pamoja, nao wanamsumbua. Masafa ya 5 yana nafasi nyingi zaidi, tena kuta zetu nene, zilizonitesa kiasi hiki, hapo hutusaidia kwa kuyazuia ya jirani yasiingie.

Kuhusu namba zinazoandikwa kwenye maboksi ya ruta, nasema kwa ufupi. Ile inayouzwa kwa jina la 1200 mara nyingi imejumlisha megabiti 300 za masafa ya 2.4 na 867 za masafa ya 5, kisha wakakadiria kwa juu, na simu moja haitapata jumla hiyo. Kifurushi chetu ni cha megabiti 20, na hakuna ruta itakayotoa mkongoni kile kisichokuwamo.

Huenda msomaji akauliza kwa nini basi nisingevuta kebo kila chumba. Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na nyumba za humu hazitobolewi ovyo. Tena chokaa ya zamani ukiigusa kwa dreli huanguka kwa mafungu. Simu hazina hata tundu la kuchomekea kebo hiyo. Faida ninayoiona kubwa zaidi, hata hivyo, ni ya mfukoni: zamani kila mmoja wetu alinunua bando lake, wageni wakiuliza kama tuna mtandao tukijibu kwa haya, na sasa malipo ya mwezi mmoja huwatosha watu wa nyumba nzima pamoja na wageni wa vyumba 4.

Hewa haina mlango, na hilo lina gharama yake. Mawimbi yanayomfikia mama hufika pia kwenye kichochoro cha nyuma, kwa hiyo nimeweka usimbaji wa WPA2, yaani njia ya kuzificha data zisisomwe na mtu mwingine, kwa kuwa simu ya baba haiujui ule mpya wa WPA3 uliotoka mwaka 2018, na nenosiri ni sentensi ndefu badala ya jina la mtu na mwaka wa kuzaliwa. Nilibadilisha pia nenosiri la kuingilia mipangilio ya ruta yenyewe, ambalo wengi huliacha kama lilivyotoka kiwandani. Wageni nimewatengea mtandao wao unaowapeleka intaneti bila kuiona printa wala kompyuta za familia.

Umeme ukikatika, kompyuta mpakato zina betri zake lakini ruta haina. Nimeiwekea betri ndogo ya volti 12, nyingine nimeiweka kwenye kisanduku cha mkongo, na hutuvusha kwa muda wa saa 3 hivi. Chumba kimoja tu bado ni kiziwi, stoo ya chini yenye kuta mbili nene kila upande, ambako juzi nimepima hasi 88. Nimemuuliza mama kama nimvutie kebo nyingine hadi huko, akasema mchele na nazi havijalalamika. Kipande cha kebo kilichobaki nimekitundika humo humo, kwenye msumari nyuma ya mlango.