Hakuna Aliyemgusa

"Mama, mbona mama mkubwa anaswali kwenye kiti na bibi anasujudu?"

Binti yangu aliuliza hilo Idd iliyopita, kwa sauti, watu wote wakisubiri pilau. Dada akamvuta karibu, akamjibu, "Goti, mwanangu." Mazungumzo yakahamia kwingine, ila mimi sikuhama nayo; akili yangu ilirudi siku dada alipoumia.

Uwanja wa saruji wa shule, Lindi mjini, saa kumi jioni. Mpira wa pete, sisi na timu iliyotoka Mtwara. Dada alivaa GA, mshambuliaji anayeruhusiwa kufunga. Mimi nilikuwa mdogo bado, kazi yangu kulinda ndoo ya maji, kwa hiyo nilikuwa karibu na goli kuliko hata kocha. Mpira ukarushwa mrefu kutoka katikati. Dada akaruka, akaudaka juu kabisa kwa mikono miwili, akatua kwa mguu wa kushoto peke yake. Mnaocheza mpira wa pete mnajua: mguu uliotua ukishauinua huukanyagishi tena mpaka mpira utoke mikononi, na una sekunde 3 tu. Mtu aliyekuwa anakimbia kwa kasi inabidi asimame palepale. Alitua goti limenyooka, kiwiliwili kimelalia upande, macho tayari yako golini. Raba ikang'ang'ania saruji. Paja likageuka, goti likaingia ndani kuelekea lenzake, unyayo haukusogea. Nikasikia mlio, kama kopa la muhogo linavunjwa. Hakulia. Alikaa chini, mpira kaukumbatia kwa mkono mmoja, mwingine uko gotini, akawa ananitazama mimi.

Hakuna aliyemgusa. Mlinzi wao alikuwa nyuma yake, hatua nzima.

Na hilo ndilo lililozua balaa. Angesukumwa, refa angepuliza filimbi, yangeisha. Lakini mtu anaangukaje peke yake? Kabla jua halijazama goti lilikuwa limevimba mpaka sketi inabana, na neno lilikuwa limeshaenea: katupiwa. Yule mlinzi alikuwa na uzi mweusi kifundoni. Wakamzomea mpaka kwenye gari lao.

Nyumbani akakandwa kwa maji ya moto na mafuta, akafungwa kitambaa, uvimbe ukashuka. Akarudi uwanjani, goti likawa linamtoka kila akikata kona, akaacha. Miaka mingi baadaye ndipo daktari alipotueleza kwamba kano, ule mshipa mgumu unaoshikanisha mifupa, ilikatika siku ileile, na gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, imekuwa ikilika tangu hapo.

Kano hiyo madaktari wanaiita ACL. Inapita kwa mshazari katikati ya goti na kuuzuia muundi usichomoke mbele ya paja. Nimesoma kila nilichopata kuihusu. Nyingi za kano hizi hukatika bila mchezaji kuguswa na mtu: katika kutua, kufunga breki, kugeuka ghafla. Wanaochunguza picha za video wanasema hukatika takriban milisekunde 40 baada ya mguu kugusa chini. Msuli hauwahi kuokoa kitu kwa muda huo. Kama mwili haukujiandaa ukiwa bado hewani, umeshachelewa. Na wasichana huumia hivi zaidi ya wavulana katika michezo ya aina hii.

Kinachoniuma ni kwamba kutua kunafundishika. Unatua kimya, magoti yamekunjwa, goti linaelekea vidole vya mguu, nyonga zinarudi nyuma kidogo. Norway walijaribu mazoezi ya kupasha mwili ya FIFA, yale ya dakika kama 20, kwa wasichana karibu 1,900 wa miaka 13 hadi 17 wanaocheza soka. Matokeo yalitoka mwaka 2008: majeraha yalipungua kwa kama theluthi. Mazoezi hayo hayahitaji mashine wala ukumbi. Uwanja uleule wa Lindi ungetosha.

Yule binti wa Mtwara namfikiria pia. Nilisikia hakucheza tena baada ya msimu ule. Mama yetu hadi leo akisikia Mtwara anauliza habari za "yule mwenye uzi." Nimemweleza kuhusu kano, nikamchorea hata goti kwenye karatasi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Sawa, lakini kwa nini siku ile, na kwa nini yeye?" Hapo vitabu vyangu vinaniishia. Vinaniambia goti lilikatikaje. Kati ya wasichana kumi na wanne waliokuwa wakirukaruka jioni ile, kwa nini wa kwetu, sikuona vinaposema.

Binti yangu sasa amepewa WA, winga wa kushambulia, kwenye mpira wa pete darasani kwao. Nimeongea na mwalimu wake wa michezo kuhusu kutua. Akaniambia, "Dada, kipindi ni dakika 40, na mashindano ni mwezi ujao." Namwelewa, uwanja mmoja na watoto wote wale. Nimemwomba robo saa tu, mara mbili kwa wiki. Amesema atafikiria, na Jumatatu naenda tena.