Siku Moja na Wakili wa Kesi za Biashara, Nairobi

Saa kumi na moja alfajiri. South B bado ni giza, nami niko mezani na faili la kesi ya malori. Leo namhoji mhasibu wa upande wa pili, na mahojiano ya aina hiyo hutengenezwa saa hizi, kabla simu hazijaanza kuita.

Kesi naweza kuieleza bila kumtaja mtu. Wabia wawili walianzisha kampuni ya uchukuzi, wakawa wanabeba makontena kutoka bandari ya Mombasa hadi Nairobi, na mengine kuvuka Malaba kwenda Uganda. Mmoja ana asilimia 60 ya hisa, mteja wangu ana 40. Kisha malori yakaanza kuhamia kampuni nyingine ya yule mwenye hisa nyingi, moja baada ya jingine, hadi mteja wangu akabaki na hisa za kampuni ambayo uwanja wake ni mtupu. Sheria ya Kampuni ya 2015, kifungu cha 780, inampa mwanahisa wa namna hiyo nafasi ya kwenda Mahakama Kuu kulalamika kwamba kampuni inaendeshwa kwa njia inayomdhulumu. Akithibitisha, jaji anaweza hata kuamuru yule mbia mwingine anunue hisa zake.

Ushahidi ni ankara, taarifa za benki, barua pepe, kumbukumbu za mikutano na rekodi za usajili wa magari kutoka NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Ni maboksi. Nimeyachuja yakawa orodha moja ya matukio: tarehe kushoto, tukio katikati, ukurasa wa ushahidi kulia. Hapo ndipo kesi ya biashara hupatia ushindi wake, na nitalisema hili kwa yeyote anayedhani wakili hodari ni yule mwenye mdomo. Jaji wa kesi hizi ana mafaili chungu nzima mbele yake. Anayemwonyesha lipi lilitangulia lipi, na fedha zilipita wapi, huyo ndiye anayemsaidia kuamua.

Saa kumi na mbili na nusu natoka. Ukichelewa hadi saa moja unusu, Mombasa Road inakumeza.

Saa tatu asubuhi, nikiwa ofisini, kuna kesi nyingine inatajwa kwa njia ya video mbele ya naibu msajili. Tunathibitisha kwamba nyaraka zote zimewasilishwa, tunapewa tarehe, tunaagana. Zamani kwa dakika hizo chache ungeketi kwenye benchi la mahakama asubuhi nzima. Mahakama za Nairobi zilianza kupokea nyaraka kwa mtandao Julai 2020, wakati wa korona, na mteja wa kawaida hajui ni pesa ngapi mabadiliko hayo yamemwokolea.

Saa nne na nusu tuko Milimani, Kitengo cha Biashara na Kodi cha Mahakama Kuu. Joho jeusi, ukosi mweupe, na mwanagenzi wangu nyuma yangu na mabunda ya nyaraka yaliyopigwa namba za kurasa. Watu wanaojua mahakama kupitia filamu hutarajia shahidi wa kushtukiza. Huku hakuna. Kwa Kanuni za Taratibu za Madai za 2010, maelezo ya mashahidi na nyaraka huambatanishwa na madai tangu mwanzo, kwa hiyo kila upande unajua mwenzake amebeba nini. Hata barua pepe na picha za skrini haziingii hivi hivi: kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti kutoka kwa anayehusika na kifaa kilichozitoa. Nimeona ushahidi mzuri ukipingwa kwa kukosa karatasi hiyo moja.

Mhasibu anaapa. Ni mtu mtulivu, na mahesabu yake ni safi. Sina sababu ya kumpandishia sauti.

"Ankara hii ya mwezi wa Machi uliiandaa wewe?"

"Ndiyo."

"Mzigo ulibebwa na lori lipi?"

Anasoma namba ya gari.

"Fungua rekodi ya NTSA, ukurasa unaofuata. Siku hiyo lori lilikuwa kwa jina la nani?"

Anatafuta. Jaji naye anafungua ukurasa uleule. "La kampuni ya kwanza."

"Na malipo yaliingia akaunti ya nani?"

"Ya kampuni ya pili."

Tunakwenda ankara kwa ankara, maswali yaleyale matatu, naye anajibu kwa ukweli kila mara. Swali la kwa nini simuulizi. Kumuuliza kwa nini ni kumpa bosi wake nafasi ya kujieleza kupitia kinywa cha mfanyakazi, na bosi huyo atapanda kizimbani mwenyewe.

Baada yake anakuja karani wa uwanja, anayepanga madereva na utingo. Anatoa ushahidi kwa Kiswahili, karani wa mahakama anatafsiri. Anaeleza walivyoambiwa wapake rangi milango ya malori kufuta jina la zamani, na hilo lilifanyika lini. Tarehe yake inaangukia wiki ileile ambayo wakurugenzi walikuwa bado wanamwandikia mteja wangu kwamba hakuna kilichobadilika. Naiandika. Kati ya yote niliyosikia leo, hili ndilo lililonigusa, kwa sababu mteja wangu alikuwa akipita uwanjani akiona milango mipya na kuambiwa ni matengenezo.

Malori yaliyobaki hayajauzwa kwa sababu mwanzoni kabisa tuliomba zuio. Kila wakili hapa anazijua shuruti tatu za kupewa zuio, kutoka kesi ya Giella dhidi ya Cassman Brown ya 1973: uonyeshe una kesi yenye uwezekano wa kufaulu, kwamba utapata hasara isiyoweza kufidiwa kwa pesa, na jaji akiwa bado na shaka, apime nani ataumia zaidi. Sharti la pili ndilo huangusha wafanyabiashara, maana hasara nyingi za biashara zinahesabika.

Chakula cha mchana ni chapati na ndengu, pamoja na wakili wa upande wa pili. Tumepambana asubuhi nzima, na bado ananiuliza hali ya mama.

Saa nane na nusu kuna mzee ofisini, anauza vifaa vya ujenzi. Kampuni moja haijamlipa, na anataka tuwapeleke kortini kesho. Nasoma mkataba wake mbele yake hadi kifungu cha mwisho.

"Mzee, hapa mlikubaliana mkigombana mtakwenda kwa msuluhishi, aamue yeye badala ya jaji."

"Lakini mwanangu, mimi nataka jaji."

"Nikifungua kesi, wao wana haki chini ya kifungu cha 6 cha Sheria ya Usuluhishi ya 1995 kuomba isimamishwe, na wakiomba mapema, kabla hawajaanza kujitetea, kuna uwezekano mkubwa watapewa. Utakuwa umelipa ada na kupoteza miezi."

Namweleza na upande wa pili wa jambo hilo. Uamuzi wa msuluhishi hauna rufaa ya kawaida. Sababu za kuutengua ni chache, zimo katika kifungu cha 35, na ombi hufanywa ndani ya miezi mitatu. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Nyutu Agrovet dhidi ya Airtel, iliacha mlango mwembamba tu wa kwenda Mahakama ya Rufaa baada ya hapo. Kwa anayedai pesa zake, wembamba huo ni neema. Kisha naangalia tarehe ya deni, kwa sababu madai ya mkataba hufa baada ya miaka sita, na wazee wengi husubiri kwa heshima mpaka muda unapita. Yake bado yako hai. Anakubali tuanze na barua ya madai, halafu msuluhishi.

Saa kumi na moja jioni mwanagenzi ananiuliza afanye nini afike hapa. Shahada anayo, ya miaka minne, na mafunzo ya Kenya School of Law kule Karen amemaliza. Imebaki miezi yake sita ya uanagenzi, kisha kuapishwa mbele ya Jaji Mkuu. Namwambia asome mizania ya kampuni kama anavyosoma sheria, na aende kuona biashara ya mteja kwa macho yake. Katika kesi hii nilikwenda uwanjani Athi River kabla ya kuandika neno lolote, na ndiko nilikojifunza kuuliza lori lilikuwa kwa jina la nani siku ya safari.

Saa mbili usiku, nyumbani, naongeza mistari miwili kwenye orodha ya matukio: majibu ya mhasibu, na rangi ya milango. Mkurugenzi ameitwa kizimbani wiki ijayo. Namwandikia mteja ujumbe mfupi kwamba leo imekwenda vizuri, na kwamba asizungumze na mbia wake hadi tumalize.