Antivirusi ya uongo kwenye kompyuta ya yaya
Watu wa Bukavu, muwe macho. Kompyuta ya yaya, ndugu yangu mkubwa, huko Kadutu ilianza kutoa dirisha lenye ngao nyekundu, iliyoigwa vizuri kabisa kutoka ile ya Windows: "Virusi vingi vimepatikana, lipa dola 50 tuvisafishe." Ukilifunga, linarudi. Ukifungua Task Manager, dirisha la kuona na kusimamisha programu zinazoendeshwa, inazimwa papo hapo. Wezi hawa wananikasirisha sana! Programu yenyewe ndiyo kirusi, inachotafuta ni namba ya kadi ya benki.

Hatukulipa kitu. Nilichomoa intaneti, nikawasha kompyuta katika hali salama (Safe Mode), ambako Windows huamsha vitu vya lazima tu, kwa hiyo mdudu akabaki amelala. Malwarebytes, programu ya kweli ya kuondoa virusi, niliileta kwa flashi kutoka kompyuta safi. Ukaguzi ulichukua muda mrefu, na umeme wetu mnaujua, lakini Mungu mkubwa, haukukatika.

Hata baada ya kusafisha, kurasa ziligoma kufunguka: kirusi kilikuwa kimebadilisha mipangilio ya proksi, yaani kompyuta ya kati ambayo intaneti hupitishwa. Nikaizima, zikafunguka. Nywila zote yaya amezibadilisha kwa simu, na flashi nimeifuta yote kabla ya kuichomeka kwingine.